Kuvuka Mto na Mama Mkwe Ndani ya Gari

Nimewaona vijana wa siku hizi wakifika mtoni na magari yao makubwa. Mmoja anabaki ukingoni na simu, mwingine anakanyaga mafuta, gari linaingia kwa kishindo na maji yanaruka hadi juu ya paa. Picha hutoka vizuri sana. Gari ndilo hukataa kutoka. Kisha wananitafuta mimi, mzee wa Chepilat mwenye goti bovu, nije niwaambie kilichoharibika. Basi nimeamua kuyaandika haya, mnipunguzie safari.

Miaka ya tisini nilikuwa dereva wa hospitali moja ya misheni huku kwetu upande wa Sotik. Gari langu lilikuwa la kliniki ya kutembea. Tulibeba chanjo, dawa za malaria na mizani ya kupimia watoto, tukashuka hadi Chebunyo na vijiji vya kule chini ambako ng'ombe ni wengi kuliko barabara. Huku juu kwenye majani chai mvua tunaijua, inakuja alasiri karibu kila siku na inatuachia tope. Kule chini ni tofauti. Kijito kinaweza kukaa wiki nyingi kikiwa mchanga na mawe, mbuzi wanalala ndani yake, halafu inanyesha mahali pengine mbali na mto mzima unakuja kwa mara moja.

Landrova yetu ilikuwa ya petroli, kijani kilichopauka, na mlango wa nyuma tuliufunga kwa kamba ya katani. Nililipenda gari lile kuliko lilivyostahili. Asubuhi kabla ya kuliwasha nilikuwa nalisalimia, na wenzangu walinicheka, lakini siku likigoma walikuja kuniomba niongee nalo.

Aliyenifundisha maji ni Arap Rono, dereva mkongwe wa hospitali ile, Mkipsigis wa hapo Sotik, mrefu na mpole, asiyependa kelele. Mimi ni Mkisii. Baba yangu alikuja kuchuma chai akabaki. Arap Rono alikuwa akinitania kwamba sisi watu wa milimani tunajua mto ukiwa chini bondeni tu, tukiutazama kwa mbali. Nami nilimjibu kwamba yeye maji anayoyajua ni yale ya kuongezea kwenye maziwa. Tulipatana sana.

Somo lake la kwanza lilinichosha kuliko yote, kwa sababu lilikuwa la kukaa. Ukifika mtoni, unazima gari. Unatoa chupa ya chai, unakunywa. Nilidhani mzee anapenda chai tu, hadi aliponieleza kwamba chuma cha chini ya gari kikiwa moto na ukikitumbukiza ghafla kwenye maji baridi, kinavuta maji ndani kama mtu mwenye kiu. Yakishaingia, oili yako inageuka. Ukichomoa kile kijiti cha kupimia oili ukaona rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena hilo gari, tafuta fundi na uombe Mungu.

Wakati wa kunywa chai macho hayalali. Arap Rono aliweka jiwe pale maji yanapoishia. Baada ya chai alilitazama. Jiwe likiwa limezama, mto bado unapanda, na hapo hakuna mjadala, unatandika koti lako unalala. Likiwa kavu, mto unashuka, unangoja kidogo tena. Alitazama pia vinavyoelea. Povu na vijiti vikiongezeka, ujue kuna maji zaidi nyuma ambayo hayajafika.

Kisha alivua suruali. Ndiyo, vijana, suruali. Aliikunja vizuri akaiweka juu ya boneti, akabaki na kaptura yake ya ndani, akashika fimbo ndefu ya kuchunga ng'ombe. Kwenye fimbo alikuwa amefunga kamba mbili za mpira, moja usawa wa katikati ya gurudumu, nyingine usawa wa feni. Aliuvuka mto kwa miguu akifuata njia ya magurudumu ya kushoto, akarudi akifuata ya kulia, akichoma fimbo kila mahali. Nilimuuliza kwa nini asiingie na nguo zake. Akasema, "Suruali ikilowa inakuvuta. Hujui kama ni nguo inakuvuta ama ni maji. Wacha maji iguse ngozi, itakuambia yenyewe." Maji yakipita goti na yakikusukuma hadi uegemee fimbo, gari nalo litasukumwa, hata liwe zito namna gani. Na sheria yake hii haikuwa na msamaha: anayeshika usukani ndiye anayetembea mto. Hutumi mtu. Huulizi wachungaji. Mguu wako ndio utakaokumbuka mahali penye shimo wakati macho yako hayaoni kitu.

Abiria nao walishuka, hata awe nani. Siku moja tulimbeba mkubwa wa kanisa aliyetoka Nairobi kukagua kliniki, mwenye kanzu nyeupe na viatu vya kung'aa. Nilijua Arap Rono atamwachia huyu. Wapi. Alimfungulia mlango kwa heshima zote, akamwambia, "Baba, hapa tunatembea." Yule mkubwa akavua viatu akavining'iniza shingoni, akakunja kanzu, akavuka akiimba wimbo wa ubatizo. Kule ng'ambo akatuambia hajafurahi hivyo tangu utotoni, na mimi nikaanza kuelewa kwamba watu wakubwa hawana shida ikiwa dereva hana woga.

Mambo ya injini nayaeleza kwa wale wenye magari ya zamani. Adui wa injini ya petroli ni maji kwenye distribyuta, kile kikombe kinachogawa moto wa plagi. Arap Rono aliomba glavu za mpira kwa manesi, akakata ncha za vidole, akapitisha nyaya za plagi kwenye vidole na kiganja akaivisha distribyuta yenyewe. Ukifungua boneti ulikuta mkono wa daktari umeshika injini, na mafundi wa Sotik walikuwa wakiitana waje waone. Fenibelti aliilegeza ili feni isirushe maji juu ya kila kitu. Mbele ya rejeta alifunga gunia. Ndani ya maji, gia ndogo, magurudumu yote manne yakivuta, mguu umetulia kwenye mafuta. Wimbi dogo linajijenga mbele ya bampa, nawe unalifuata kwa mwendo wake, usilipite, usiliache. Hugusi klachi na huinui mguu, kwani gari likinyamaza kidogo tu maji yanaingia kwenye ekzosi. Madirisha wazi, ili ukilazimika kutoka upate pa kutokea.

Na ukishavuka hujamaliza. Breki zimelowa, hazishiki. Unazigusa kidogo kidogo ukienda, hadi zikauke. Dereva mwenzetu mmoja alisahau hilo baada ya kuvuka mto Kipsonoi, akateremka mlima akipiga honi na kuingia moja kwa moja ndani ya shamba la chai. Hakuumia. Wachumaji walimzunguka, wakaendelea kuchuma majani hadi kwenye bampa, na mmoja akamuuliza kama hilo gari lina kibali cha kupogoa.

Arap Rono alipostaafu aliniachia fimbo yake. Nikawa dereva wa Chebunyo mwenyewe, nikiandamana na Sista Chelangat, nesi wetu, mwanamke mcheshi wa upande wa Bomet ambaye angeweza kumdunga mtoto sindano huku akimchekesha.

Sasa kabla sijafika ninapokwenda, niwaeleze jambo la kwetu, maana wengi wenu mnaoa mijini na kuwakumbatia wakwe zenu kwenye harusi. Kwa Wakisii, mwanamume na mama wa mke wake wana heshima baina yao nzito kama ukuta. Humpi mkono. Humtaji jina, na hata hapa sitalitaja. Hukai naye kwenye kiti kimoja, humtazami usoni, na mkikutana njiani mmoja wenu anapata kazi ghafla kwenye kichaka. Akikuona huna nguo, au wewe ukamwona yeye, hilo si jambo la kucheka, ni la wazee kukaa chini. Sisi ni watu wa kanisa, lakini jambo hili kanisa lilitukuta nalo na likatuacha nalo.

Mama wa mke wangu Nyaboke alikuwa mchuuzi wa ndizi. Alipanda malori ya mizigo na kuzipeleka kwenye masoko ya Wakipsigis hadi Chebunyo. Mwanamke mpana, mwenye mabega ya kubeba, leso yake haikutoka kichwani. Siku moja ya soko lori lake liliogopa mawingu likamwacha. Sista Chelangat, asijue lolote, akamwonea huruma akampandisha gari letu. Mimi nilipokwenda kufunga mlango wa nyuma nikamkuta ameketi juu ya kreti tupu. Wote wawili tukatazama chini. Nilikwenda mbele nikageuza kioo cha ndani kikatazama paa.

Sista aliniuliza kioo kimekosa nini. Nikamnong'oneza kwamba yule ni mama yake Nyaboke. Alicheka hadi akashika tumbo, na bado alikuwa anacheka wakati mwanamke alipokuja akikimbia kutoka upande wa soko na mtoto mgongoni.

Mtoto alikuwa msichana mdogo, labda wa miaka mitatu. Mwili ulikuwa unawaka na macho yamegeuka. Sista alimlaza, akamtazama viganja, vilikuwa vyeupe kama karatasi. Akamdunga dawa ya malaria, akamtuliza degedege, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Hana damu. Lazima awekewe damu leo. Kesho ni mbali sana kwa huyu." Tukaondoka, mama na mtoto wakiwa nyuma pamoja na Sista, na mama mkwe wangu kwenye kona yake.

Mto tuliouvuka asubuhi ukiwa maji ya kifundo cha mguu tuliukuta umejaa, kahawia, ukiburuta matawi. Nilizima gari. Niliweka jiwe. Sikunywa chai. Jiwe halikuzama wala halikukauka, mto ulikuwa umesimama palepale, haupandi, haushuki. Arap Rono angelala hapo. Nilimtazama Sista, naye akamtazama mtoto, akatikisa kichwa.

Nilijua la kufanya. Nilishika mshipi wa suruali, nikauachia. Mama yake Nyaboke alikuwa pale nyuma, na kioo cha mbele hakina pazia. Nikafikiria kuingia na nguo, nikajiona nikitoka majini khaki imenigandama mwilini mbele yake, nikaona afadhali mto unichukue. Nikaivisha distribyuta glavu. Nikalegeza fenibelti, nikafunga gunia. Nilifanya yote taratibu mno, kama mtu anayengoja aitwe aambiwe basi. Mwisho nikajisemea kwamba asubuhi nilipita hapa na mawe yake nayajua. Nikapanda, nikashika ufunguo.

Sauti ya mama mkwe wangu ikatoka nyuma, kwa Kiswahili, maana Sista ni Mkipsigis. "Sista. Huyu dereva hajatembea mto."

Miaka yote ile ya malori alikuwa amekaa juu ya ndizi akitazama madereva wanaotembea mto na wasiotembea, na aliwajua wote walivyoishia. Sista akaanza kujibu, naye akaendelea, "Mwambie mimi naenda kwa ile kichaka. Nitaangalia upande ile ingine mpaka aniite." Akashuka, akavuta leso usoni, akaenda akasimama nyuma ya kichaka, mgongo kwetu.

Nikavua suruali nikaingia. Pale magurudumu yangu yalipopita asubuhi nilichoma fimbo, ikaenda yote, mkono nao ukaifuata, na chini hapakuwa na kitu. Mto ulikuwa umechimba ukabeba barabara. Nilisimama pale maji yakinisukuma kiunoni, nikaona wazi kabisa gari likiingia humo na watu wote waliokuwa ndani. Nikapanda kidogo kuelekea mto unakotoka, nikitafuta, na hapo mguu ukakuta mwamba mpana, maji yakinifika juu ya goti. Ulikwenda hadi katikati ya mto, kisha ukapinda kulia kuelekea ukingo wa pili. Ulitosha gari, lakini bila nafasi ya kukosea. Nikarudi nikiufuata upande wake wa pili, nikatoka, nikavaa.

Nikamweleza Sista kwa sauti, ili yule wa kichakani asikie ameitwa. Mwamba upo, lakini kutoka kwenye usukani hauonekani, na pale kwenye kona nikikosea kidogo tunaanguka. Inatakiwa mtu atangulie mbele ya gari akiukanyaga, niende alipo yeye. Sista alikuwa amemshika mtoto, degedege limeanza tena. Mama wa mtoto alikuwa akitetemeka hata kusimama hawezi.

Mama mkwe wangu akatoka kichakani. Akavua leso kichwani akajifunga nayo kiunoni, akapandisha gauni hadi juu ya magoti, akaichukua fimbo ya Arap Rono pale nilipoiegemeza. Mimi nilikuwa nimeshatazama chini. Akasema, "Sista, mwambie dereva asiangalie miguu yangu. Aangalie uso."

Akaingia kinyumenyume, akinitazama, fimbo nyuma yake ikitafuta mwamba. Nikawasha, nikaingia.

Vijana, hili sikuwa nimelijua na Arap Rono alikuwa hajanifikisha hapo. Ukitazama maji yanayokwenda, mikono yako inakwenda nayo bila wewe kujua. Niliogopa kumtazama yule mama. Nilitazama bampa, nikatazama wimbi, na gari likaanza kuteleza kuelekea kwenye shimo. Hapo akaniita. Hakumwambia Sista. Alisema nami mwenyewe, kwa Kikisii, maneno ya kwanza aliyowahi kunipa katika maisha yangu. "Mwanangu. Niangalie mimi."

Nikainua macho. Sikuwa namjua. Nilikuwa nimemwoa binti yake, nimezaa wajukuu zake, na uso ule nilikuwa siujui. Alikuwa na kovu dogo kwenye nyusi na macho ya Nyaboke kabisa, yametulia. Nikaenda alipo. Akarudi nyuma, nikaenda. Kwenye kona mguu ukamtoka, akazama hadi kifuani, mkono mmoja juu ya fimbo. Kusimama sikuweza, gari lingekufa palepale juu ya mwamba. Nikashika mwendo uleule, yeye na bampa wakikaribiana. Akainuka. Hakuwa amegeuza macho hata kidogo. Akasema, "Njoo," nikazungusha usukani kulia nikiufuata uso wake, hadi nikasikia magurudumu ya mbele yakishika ardhi.

Nimefanya kazi na madereva hodari wengi, na Arap Rono namheshimu hadi leo, lakini ushujaa kama ule sijauona tena. Kila kitu alichofunzwa tangu usichana kwamba asikifanye mbele ya mkwe alikifanya palepale, mchana, kwa ajili ya mtoto wa mtu asiyemjua, na alijua vizuri anachokifanya.

Aliikamua leso akaifunga tena kichwani, akapanda nyuma, akavuta pembe usoni. Nilikausha breki kwa kuzigusa na kuzigusa, nikaendesha hadi hospitali kama sijawahi kuendesha. Kioo kilibaki kikitazama paa.

Walimkimbiza mtoto ndani. Mimi nilisimama karibu na boneti, yeye akasimama nyuma ya gari, kila mmoja akitazama ardhi yake. Tulikaa hivyo muda mrefu. Mwishowe Sista Chelangat akatoka, gauni lake limelowa jasho, akasema damu inaingia na mtoto amefumbua macho akamwita mama yake.

 Mama mkwe wangu akasema kutoka nyuma ya leso, "Sista, mwambie dereva ameendesha vizuri."

Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Sista akanigeukia, wala safari hii hakucheka. "Dereva, unaambiwa umeendesha vizuri."

Nilitaka kujibu. Nikalikunja lile gunia la rejeta kwa mikono miwili, nikalikunjua, nikalikunja tena. Sista akanitazama, akangoja, halafu akamgeukia yeye.

"Anasema asante, mama."

Naye akamwambia Sista anijulishe kwamba amesikia.